Karanga za Mgeni

Laurencia alipanga sinia mwenyewe. Karanga alizinunua asubuhi sokoni Karatu, zimefungwa kwenye kurasa za vitabu ambavyo Mkuu wa shule alimuuzia muuza karanga kwa kilo.

Vitabu hivyo Laurencia alivitunza miaka kumi na tisa, mpaka Mkuu alipoleta kompyuta, akafunga maktaba, akamhamishia jikoni. "Siku hizi mtoto anaiuliza akili mnemba," alimwambia. "Wewe utupikie chai."

Na leo alikuja mjane aliyeipa shule vitabu hivyo, vyote vya marehemu mumewe, anataka kuviona.

"Viko stoo, mama, salama kabisa," Mkuu alimwambia. "Hata ukurasa mmoja haujapotea."

"Karibuni karanga," alisema Laurencia, akapiga goti kwa adabu. Akampa mjane kifurushi alichokuwa amekitenga tangu sokoni.

Mama wa watu alimimina karanga kiganjani, akatafuna mbili tatu. Kisha akaikunjua karatasi, akaisogeza karibu na miwani. Wino wa kijani. Saini ya mumewe, chumvi imeshika kwenye herufi.

Akaacha kutafuna.

"Na wewe, Mkuu," Laurencia aliuliza taratibu, "nikuongeze?"