Nguzo ya Makumbi

Saumu alirudi kwa mtalaka wake, Shekue, kuchukua kitu cha mwisho: mmea wake wa kutambaa, uliopanda nguzo iliyosimikwa chunguni, ambayo Shekue aliizungushia makumbi ya nazi.

“Mmea chukua. Nguzo niachie, niliitengeneza mimi,” Shekue alisema.

Saumu akaanza kuubandua. Haukubanduka, mizizi ilikuwa imezama ndani ya makumbi. Ndipo vidole vyake vikalowa. Makumbi hukauka yasipomwagiwa maji kila asubuhi, naye Saumu alihama tangu kabla ya Ramadhani.

“Nani anaimwagia?”

Shekue akatazama pembeni. “Si nguzo yangu?”

Nje, mwenye mkokoteni aliyekodiwa na Saumu akaita. Wakaunyanyua mmea pamoja, Saumu ameshika chungu, Shekue nguzo. Mlangoni jani jipya likanasa kwenye pazia, na hakuna aliyetaka kulivuta.