Solo ya Vidole

Bango la tamasha la muziki wa zamani lilikuwa na sura ya Chiriku, mwimbaji, upana wa mlango. Mpiga gitaa wake, ambaye watu walimwita Vidole tangu ujanani, aliitafuta sura yake mpaka akaikuta chini kabisa, karibu na namba ya simu ya wauza tiketi.

"Unaona mambo hayo?" alimwambia mkewe wakiwa chumba cha nyuma ya jukwaa. "Wimbo nimetunga mimi, sifa anakula mwenye mdomo."

"Lakini kila tamasha ndiye anayewaambia waandaaji bila wewe haji."

"Asiponiita mimi atamwita nani? Ile solo nani mwingine anaiweza?"

Mkewe aliendelea kumchua mkono wa kushoto kwa dawa, kidole kimoja kimoja, mpaka vikakubali kukunjika.

Chanda chema huvikwa pete, ndivyo walivyosema wahenga. Vidole alikuwa na vyanda kumi vyema, na pete zote kavaa Chiriku: redio yeye, magazeti yeye, picha na wakubwa yeye. Na sasa kamleta na binti yake, eti apige gitaa la pili, kamkalisha nyuma ya ngoma. Ukoo mzima unashiba kwa wimbo wa mtu mmoja. Roho ilimuuma Vidole, ikamuuma kwelikweli.

Chiriku akachungulia mlangoni, koti linameta.

"Kaka, tunaitwa. Usihangaike na mambo ya sauti, mafundi wameshapanga. Wewe piga tu."

"Tangu lini mwimbaji akanifundisha kupiga?"

Chiriku akacheka, akamshika bega. Kicheko hicho ndicho kilichomaliza maneno. Vidole akaamua palepale: leo, katikati ya solo, anaacha. Ukimya umvae mwenzake mbele ya umati, aumbuke, watu wajue nani ameubeba wimbo huu miaka yote.

Jukwaani mambo yalianza vizuri. Watu wazima wenye mvi zao walikuwa wamesimama, wanayumba, wanaimba kila neno. Kwenye ubeti wa pili kidole chake cha mwisho kiligoma, kikaukosa waya, lakini spika zikatoa utamu uleule. Vidole akatabasamu. Mkongwe ni mkongwe, hata akikosea anapatia.

Ikafika solo. Chiriku akasogea pembeni, akawageukia watu, akamnyooshea mkono Vidole kama afanyavyo siku zote.

"Mwalimu wangu huyo. Mpigieni makofi."

Vidole aliuchukia mkono ule kuliko hata lile bango. Anaonyeshwa kama mbuzi wa mnadani, na mwenye mbuzi ndiye anayeshangiliwa. Akapiga mwanzo wa solo, watu wakapiga vigelegele. Akasubiri ifike pale inapopanda, pale ambapo hata wanaume hufumba macho.

Hapo akaitoa mikono yote miwili kwenye gitaa, akaiinua juu, kila mtu aione.

Kule nyuma ya ngoma solo ikapanda, ikazunguka, ikashuka taratibu bila kukosa hata noti moja. Na Chiriku, uso kwa watu, alikuwa bado amemnyooshea mkono, akiwaomba wazidishe makofi.