Shavu Mgongoni mwa Udi

Katika mji wa Bi Zuhura na mumewe, kuta za nyumba zilisafisha kila sauti kabla haijamfikia mtu sikioni. Hata ugomvi ulisikika kama maongezi, na hakuna aliyeimba vibaya.

Bi Zuhura alikuwa ameufufua udi wa kupigia muziki wa marehemu baba yake. Aliziunga kwa gundi mbao zilizoachana, akavipaka chaki vigingi vya kukazia nyuzi vilivyokuwa vikiteleza, akafunga nyuzi mpya. Kisha akampa mumewe, aliyekuwa mwimbaji wa harusini alipomposa.

"Niimbie, Baba Nasra, nisikie kama kuna ubao unaotetema."

"Leo utaolewa tena!" mzee akacheka, akaupakata udi kifuani, akaanza.

Sauti ikatoka tamu, ileile ya ujanani. Bi Zuhura akapiga magoti, akalaza shavu mgongoni mwa udi, maana baba yake alimfundisha kwamba ufa husikika vizuri zaidi mfupani kuliko sikioni.

Mbao zilikuwa nzima. Lakini humo ndani ya mti, kuta zisikoweza kusafisha sauti, wimbo uleule alikuwa akiuimba mtu mzee sana, sauti ikimkatika, pumzi ikimkwaruza kifuani kama msumeno.

Akainua shavu: sauti tamu. Akalirudisha.

"Vipi, Mama Nasra? Kuna ufa?"

"Endelea kuimba," akasema, akimshika goti. "Bado natafuta."