Chaga za Kitanda cha Haika

Kule mashineni, walipokuwa wakingoja kusaga mahindi, wanawake walisema Haika ana mwanamume huko juu mlimani. Maneno hayo yalimganda mama yake kama luba, maana chaga mbili, mbao za kulazia godoro kwenye kitanda cha binti huyo, zilikuwa zimetoweka. Mtu ahamishe chaga kwa nini, kama si anatandika kwingine?

Jumamosi Haika alipotoka, mama alimfuata na fimbo. Alipanda mpaka miti ikaisha, akafika kwenye korongo ambako masalia ya theluji yalikuwa hayajayeyuka, ingawa ni kiangazi. Wageni wachache waliokuja kupanda mlima walikuwa wameketi wakitazama.

“Malaya we, yuko wapi huyo bwana wako?”

Haika alikuwa peke yake, anateleza juu ya theluji, chaga amezifunga miguuni kwa vipande vya mpira. Aliposikia sauti ile aligeuka, akabingirika hadi kwenye mawe. Mkono ukavunjika.

“Mama,” alisema, “ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusimama.”

Wageni waliinamisha macho.

Kwao Haika, mkosaji humpelekea aliyemkosea jani la isale kuomba radhi, lakini hakuna aliyewahi kuona mzazi akimpelekea mtoto. Mama Haika alilichuma mpakani mwa shamba, akalipiga fundo, akasimama mlangoni mwa binti yake, mkono umeinuliwa, hajabisha.

Usipande mlima na maneno ya mashineni. Usimshtue mtu aliye kwenye mteremko. Usimtukane mwanao mbele ya wageni. Usingoje jani linyauke.