Nafasi ya Moja

Zamda alishatoa michezo, picha, hata kikokotoo katika orodha ya vitu vya kutia kwenye diski, lakini vilivyobaki bado havikuenea. Kompyuta mbovu za shule zingewaka kwa diski hii tu. Zilibaki programu mbili na nafasi ya moja: ya kuandikia, iliyosubiriwa na darasa zima, na ya kusoma maandishi kwa sauti, aliyoihitaji mtu mmoja, Mwalimu Kombo asiyeona, aliyeketi kando yake.

"Sauti umeniwekea, mwanangu?" aliuliza mwalimu.

Zamda akaifuta ya sauti, akanakili vilivyobaki kwenye diski.

Ilitoka ingali na joto. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaitia mwenyewe kwenye kompyuta. Mashine ikavuma, kioo kikawaka. Mwalimu akatega sikio, akitabasamu, akingoja kusalimiwa na sauti ya kompyuta.