Bawaba Mbili na Daraja Moja

"Sikieni, enyi wenye masikio! Leo ni siku ya elfu mbili mia moja na tisini ya Ugomvi Mtukufu wa Darajani, na mashujaa wetu wawili wangali wima! Hakuna aliyerudi nyuma hata unyayo!"

Tarumbeta ikalia. Waliosikia ni mbuzi mmoja na mama aliyekuwa akianika mashuka. Na huo wima wenyewe ulikuwa wa kusemwa tu. Shujaa wa upande huu alikuwa ameketi juu ya ndoo, deraya yake ya chuma imefunguliwa tumboni, akijikuna mgongo kwa ala ya upanga.

Watu walimwita Bawaba. Miaka sita iliyopita alitoka nyumbani asubuhi, amevaa deraya kama sheria itakavyo, aende ng'ambo kununua bawaba mbili za mlango wa jikoni. Alipoweka mguu darajani, shujaa mwingine naye akaweka wake mwisho wa pili. Daraja lile ni jembamba, halipishanishi watu wawili.

Katika nchi ile ya waungwana, shujaa akirudi nyuma huwapokonya wanawe jina. Huvuka pale tu anapoambiwa na mwenzake, "Tangulia." Wala wagomvi na jamaa zao hawasemezani na upande wa pili. Neno hubebwa na mjumbe mwenye tarumbeta, ambaye kigoda chake huwekwa katikati ya daraja. Watu wa kawaida walivuka chini, juu ya mawe, maji yakiwafika vifundoni, wakiwaamkia mashujaa kwa heshima zote.

Mchana mkewe Bawaba alifika na kapu la chakula.

"Mume wangu, bawaba umepata?"

"Usinianze, mama watoto."

"Nauliza tu. Mlango bado naufunga kwa kamba." Kisha sauti yake ikashuka. "Kesho mwanao anaolewa. Nani atamshika mkono kumtoa nyumbani?"

Bawaba aliutazama mkate asiumege. Binti yule alikuwa na miaka kumi na minne siku alipomwambia, "Narudi sasa hivi." Akirudi nyuma leo, kesho hakuna harusi, maana nani ataoa binti asiye na jina? Akibaki, harusi itakuwapo, baba hayupo.

"Niitie mjumbe," alisema.

Mjumbe akaja mbio. Ni lazima isemwe hapa, kwa faida ya historia, kwamba mjumbe huyu alikuwa msomi, mwaminifu na mwenye umbo la kupendeza, ingawa miaka sita ya mapaja ya kuku kutoka pande zote mbili ilikuwa imemwotesha shingo ya pili.

"Mwambie nimechoka," alisema Bawaba. "Mwambie sina kinyongo naye. Kesho namwoza binti yangu. Namwomba kama mzazi kwa mzazi, atangulie yeye, nami nitamwinamia akipita."

Mjumbe alikwenda na kurudi kabla mke hajamaliza kumenya yai. Akasimama wima, akakohoa.

"Amejibu hivi: 'Ruhusa yako ni moshi, kofia yako sufuria, kama una haraka ya harusi, mtoni waweza kujitupia.'"

Bawaba akafumba macho. Hata hasira hakuwa nayo tena. Hasira nayo inataka nguvu.

Mkewe akacheka kicheko kikavu. "Mbona matusi yake yana vina? Yule bwana namjua, zamani alikuwa akija kununua maziwa kwetu. Hata salamu aliitikia kwa kichwa. Mashairi kayasomea wapi?"

"Ni jua, shemeji," mjumbe alisema, macho kapuni. "Jua la miaka sita humfungua mtu kinywa."

Bawaba akainuka. Magoti yalilia kabla ya chuma. Sheria ya nchi ile ilikuwa na mlango mmoja wa uani, na hakuna shujaa aliyependa kuutaja: anayejivua kofia hawaharibii wanawe jina, hujipokonya mwenyewe tu, cheo na upanga, mpaka kufa. Lakini tangu hapo mdomo wake ni wake.

Akaivua kofia. Mvi zilikuwa zimemganda kichwani kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe.

"Shika," alimwambia mkewe, akimpa na upanga. "Nakwenda kumwomba mwenyewe."

"Ngoja kwanza!" mjumbe alipiga kelele, safari hii bila vina. "Daraja limeoza! Na yule bwana ni mkali kama siki! Nipe mimi neno, nitalifikisha vizuri zaidi!" Akakimbilia kwenye kigoda chake pale katikati, akatanua mikono.

Bawaba alikuja ubao kwa ubao, polepole, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba isiyo yake. Mwisho wa pili, shujaa mwingine alimtazama yule mzee aliye kichwa wazi. Akasita. Kisha naye akaiweka kofia yake chini, akaanza kuja.

Walisimama kigoda kikiwa kati yao. Wa ng'ambo akatikisa kichwa kwa salamu.

"Ndugu yangu," alisema, "miaka sita nakwambia tangulia. Kwa nini kila mara unamtukana mama yangu?"

Kisha wote wawili wakageuka, wakanitazama mimi na tarumbeta yangu. Siku ile ya kwanza ulikuwa mzaha tu, naapa. Na daraja lile, kama nilivyokwisha kusema, ni jembamba.