Gunia la Shume

Kwa Bi Tunu kulikuwa na paka wengi, na dume lao kubwa, Shume, hakuamini kitu ni chake mpaka akikojolee. Alikojolea mlango, pazia, hata miguu ya kitanda.

"Kaka Shume, hapo ninalala mimi," alilalamika Doa, paka mwoga, mkeka wake ulipolowa.

"Ulikuwa ukilala. Sasa hebu nusa."

Siku mkojo ulipofika kwenye mswala, uvumilivu ulimwisha Bi Tunu. "Sasa hata pa kusalia sina!" akasema. Na kwa kuwa Doa ndiye aliyenuka, akamtegea yeye gunia wazi lenye kichwa cha samaki ndani.

Doa alilinusa, akarudi nyuma. "Halina harufu ya kwetu. Siingii."

"Mjinga wewe," Shume akamcheka. Akainua mkia, akalirashia gunia mkojo, akalinusa. "Sasa ni langu." Akaingia kula.

Bi Tunu alilifunga bila kuchungulia, akalibeba hadi mtoni. Njiani Shume alinusa pande zote, akatulia, maana kote kulinuka yeye. Maji yalipoanza kuingia, akainua mkia ili nayo yawe yake.